Kwenda Kupiga Mint Mbamba Bay

Konda wa basi la Songea alipolinyanyua begi langu pale stendi ya Mbezi aliguna, akauliza kama nimebeba mawe. Nikamwambia ni pawa saplai na vipuri vya kompyuta. "Basi hilo kaa nalo juu mwenyewe, bosi. Huku chini kuna ndoo za rangi, sitaki kesi." Nikalipakata hadi Chalinze, jirani yangu wa dirishani aliponionea huruma tukalisukumia chini ya kiti.

Kabla ya siku hiyo sikuwahi kufika mbele ya Iringa. Mimi ni fundi wa Kariakoo. Mashine huletwa mezani kwangu, nami huzirudisha zikiwa zinawaka. Safari hii nilizifuata ziliko. Walionituma ni watu waliosoma zamani katika sekondari moja karibu na Mbamba Bay, wilaya ya Nyasa, waliosikia kwamba maabara ya kompyuta ya shule yao imefungwa. Sababu waliyopewa ilikuwa fupi: Windows imeisha muda.

Kwa sehemu ni kweli. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kupata nyongeza ya muda mfupi. Windows 11 nayo, iliyotoka Oktoba 2021, ina masharti: chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi hicho kilianza kuuzwa 2017. Sasa ingia duka lolote la kompyuta za mtumba uangalie zile za mezani, OptiPlex na ndugu zake, zilizokaa ofisini Ulaya au Uarabuni hadi wenyewe wakazichoka. Nyingi ni za kabla ya hapo. Siwezi kusema masharti yale ni uonevu mtupu, kwani TPM hutunza funguo za siri mahali ambapo programu chafu hazizifikii kirahisi. Lakini mashine inayoandika, inayopiga hesabu na kufungua video vizuri haijafa kwa sababu imeondolewa kwenye orodha.

Nilikuwa nimemwomba mwalimu wa TEHAMA anitumie picha za vibandiko vya nyuma ya kila boksi, kwa hiyo njiani nilijua nakwenda kukutana na nani. Nyingi zilikuwa Dell OptiPlex 7010, za mwaka 2012, zenye Core i5 ya kizazi cha tatu. Chache zilikuwa OptiPlex 760, za 2008, zenye Core 2 Duo na RAM ya DDR2 ambayo siku hizi hata Kariakoo unaitafuta kwa tochi.

Mikumi dereva alipunguza mwendo, tukaona swala na twiga, na abiria wote upande wa kulia wakageuka wapiga picha. Mlima wa Kitonga tuliupanda nyuma ya lori la mafuta, taratibu, kona baada ya kona, huku bonde likizidi kuwa chini. Ilula wauza nyanya walizingira madirisha kwa ndoo zao. Makambako nilishuka kunyoosha miguu nikiwa na shati la mikono mifupi la Dar es Salaam, nikarudi ndani mbio. Baridi ya kule haina utani. Baada ya Njombe kulikuwa giza, na Songea niliifikia bila kuiona.

Asubuhi nilipanda kosta ya Mbinga. Huko Umatengoni niliona kwa macho yangu mashimo ya ngoro niliyoyasoma shuleni: mteremko mzima umechimbwa vishimo vinavyozuia maji ya mvua yasiondoke na udongo. Kutoka Mbinga kuna lami ya kilomita 66 inayoshuka hadi ziwani, na kwenye kona moja Ziwa Nyasa linajitokeza lote mara moja. Ng'ambo ni Malawi. Mama aliyekaa mbele yangu, mwenye kapu la dagaa waliokauka, aliniambia nisitazame sana upande huo, kona bado zipo nyingi na mimi naonekana mtu wa kutapika.

Mwalimu alinipokea stendi. Ni kijana, ana masomo mawili na nusu ya kufundisha, na hiyo nusu ndiyo TEHAMA. Alinifungulia maabara, harufu ya popo ikatutangulia kutoka.

Mashine ya kwanza ilipowashwa ilisita, ikaandika kwamba saa haijawekwa, ikasubiri mtu abonyeze F1. Nikaingia kuangalia tarehe: ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya miaka kumi. "Zote ziko hivyo," Mwalimu akasema, "na ndiyo maana hata intaneti zilikataa." Alikuwa sahihi bila kujua ni kwa nini. Kila tovuti salama hutoa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2012 ikionyeshwa cheti cha 2025 hukiona hakijaanza kufanya kazi, nayo hukataa kufungua. Mtumiaji anaona onyo jekundu, anadhani ni virusi au ndiyo hiyo Windows iliyoisha. Kilichoisha ni betri ya duara ya CR2032 kwenye madabodi, ileile ya rimoti za magari. Nilikuwa nayo pakiti nzima. Tulifungua boksi moja baada ya jingine, tukatoa betri, tukapuliza vumbi. Katika boksi moja nyigu alikuwa amefinyanga nyumba ya udongo juu ya feni ya prosesa, nadhifu kabisa, na Mwalimu aliitoa nzimanzima akaiweka dirishani.

Alikuwa na wazo lake, wala halikuwa baya. Ameona watu mtandaoni wakiilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine zisizoruhusiwa. "Fundi, si tupige hiyo? Watoto wakienda kazini watakuta Windows."

Inawezekana. Rufus, programu ya kuandalia flashi, ina mahali pa kuweka tiki, na Windows haiulizi tena habari za TPM. Zile 7010 zingeipokea. Zile 760 zisingewaka nayo hata kidogo, maana tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 Windows 11 inadai amri ya prosesa inayoitwa POPCNT, na Core 2 Duo haina. Hapo hakuna tiki ya kukuokoa. Kinachokosekana hakikuwekwa kiwandani.

Hata kwa 7010 nilikataa. Mashine iliyolazimishwa huendelea kupata marekebisho ya kila mwezi, lakini toleo jipya la mwaka haliji lenyewe. Mtu lazima aandae flashi tena, aketi mbele ya kila mashine, arudie ujanja uleule. Tena Microsoft wenyewe wameandika kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kudai apdeti, kwa hiyo hata hayo ya kila mwezi ni hisani. Kariakoo ningempigia mteja Windows hiyo bila wasiwasi, akikwama atarudi kesho. Huku ukikwama, fundi wako yuko umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja. Nikamwuliza Mwalimu kama yuko tayari kuifanya kazi hiyo kila mwaka kwa vipindi vyake vya mapumziko. Akacheka. Mapumziko gani?

Badala yake tukapiga mfumo mwingine kabisa, Linux Mint 22 yenye muonekano mwepesi wa Xfce, ambayo itahudumiwa hadi 2029 na apdeti zake humfikia kila mtu, awe na kompyuta ya mwaka jana au ya 2008. Diski za zamani za kuzunguka tulizitoa, tukaweka SSD ndogo. Hapa nataka niseme wazi, maana wateja wengi huambiwa uongo: sehemu kubwa ya ule wepesi ambao watu huusifia kwenye Linux ni ya SSD. Hata Windows 10 ingekimbia. Tofauti ni kwamba Mint itakimbia ikiwa bado inalindwa.

Siku ya pili mvua ilileta radi, umeme ukakatika katikati ya kazi, na mashine iliyokuwa inapokea mfumo ikabaki bila mfumo wowote. Hakuna kilichoharibika, tuliianza upya jioni. Nilishauri tu kwamba fedha zikipatikana, stebilaiza zitangulie skrini mpya.

Kikwazo chenyewe hakikuwa maabarani, kilikuwa ofisini kwa mwandishi wa shule. Huyo mama anachapa mitihani yote kwa LaserJet 1020, printa ndogo isiyochoka, na alinitazama nikiikaribia kompyuta yake kama mtu anayetazama kuku wake akikaguliwa na mgeni. Shida ya 1020 ni kwamba haihifadhi programu yake ya ndani. Kila ikiwashwa, kompyuta huipelekea upya. Mint inayo njia ya kufanya hivyo, ila faili lenyewe halimo ndani yake, sharti lishushwe kutoka HP. Niliwasha hotspoti ya simu, nikasimama mlangoni mahali penye mtandao, faili likashuka kwa kusuasua. Karatasi ya kwanza ilipotoka mama aliichukua, akaangalia pembe zake, akasema jedwali limesogea.

Limesogea kweli. LibreOffice, programu ya kuandikia iliyo kwenye Mint, hufungua mafaili ya Word, lakini majedwali yenye mbwembwe hujiweka pabaya. Basi kompyuta yake tuliiachia Windows 10 kwenye diski yake ya zamani, bila waya wa mtandao, kwa ajili ya mitihani ya miaka iliyopita. Mitihani mipya ataiandikia LibreOffice kwenye mashine ya pembeni. Alikubali kwa sharti kwamba 1020 ibaki mezani kwake. Hakujali nilipomwambia kwamba LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice, ileile iliyotolewa kwa Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Mwalimu ndiye aliyejali, akataka kujua ni nani aliyetafsiri.

Mbili kati ya zile 760 hazikuamka tena. Tulichukua RAM zao tukazipa wenzao. Kwenye kila mashine nzima niliacha Kiwix, programu ya kusomea bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili niliyoishusha Dar es Salaam, kwa kuwa bando la huku ni la mwalimu mwenyewe. Mashine za mwisho sikuzigusa. Wanafunzi wa kidato cha tatu walizipiga wenyewe, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akibonyeza: F12, chagua flashi, subiri. Flashi hiyo niliwaachia.

Nilikuwa kwenye kosta, tumekaribia Mbinga, Mwalimu aliponipigia. Yuko ofisi ya kata, wana kompyuta moja, nao wamesikia habari za Mint. Amebonyeza F12 mpaka amechoka, flashi haionekani. Nikamwuliza ni Dell? Akasoma kibandiko: HP. Nikamwambia kwenye HP ajaribu F9.