Wingu Lilipokaa Bondwa

Mwaka 1994 nilikuwa mwanafunzi mjini Morogoro, na kwa sababu ya mwandiko wangu nilipewa meza ya matokeo katika mashindano ya vyuo ya mpira wa kikapu. Usiku wa kuamkia nusu fainali nilichora ratiba kwa chaki kwenye ubao nje ya bweni. Penye fainali nikaandika kabisa jina la chuo kimoja cha Dar es Salaam.

Hakuna aliyenishangaa. Vijana wale walikuwa namba moja tangu siku ya kupanga makundi, na kila mechi waliyocheza ilimaliziwa na wachezaji wa akiba. Sasa walikuwa wanakutana na sisi wenyeji.

Enzi hizo mechi ilikuwa vipindi viwili vya dakika 20. Tulipokwenda mapumziko, Dar walikuwa mbele kwa pointi 11. Nikamwonyesha karatasi mwalimu wa Kiluguru aliyeshika saa pembeni yangu. Hakuiangalia.

"Mlima umeuona, mwanangu?"

Wingu lilikuwa limekaa juu ya Bondwa. Ulikuwa mwezi wa nne, na kila aliyeishi chini ya Uluguru alijua kinachofuata. Manyunyu yalipoanza, sakafu ya saruji ikawa kama imepakwa sabuni. Dar waliendelea kukimbia kama walivyozoea, wakawa wanateleza. Wenzetu hawakukimbia tena. Walipasiana mpira polepole, mkono kwa mkono, mpaka mtu abaki peke yake chini ya kikapu. Niliandika 48 kwa 46 kwa mkono unaotetemeka. Niliporudi bwenini kufuta ubao, nilikuta mvua imeshaufuta.

Tangu hapo nikajiwekea sharti: ratiba naijaza kwa penseli.

Nililivunja mara moja, Machi 2009. Hasheem Thabeet wetu, kijana wa Dar mwenye urefu wa mita 2.21, alikuwa anachezea Chuo Kikuu cha Connecticut. Katika mashindano yao ya vyuo, Wamarekani hugawa timu katika kanda nne na kuzipa namba kuanzia 1 hadi 16, ili wakubwa wasikutane mapema. Connecticut walikuwa namba moja wa kanda yao, na mechi ya kwanza walishinda 103 kwa 47. Nikachukua kalamu ya wino, nikawaandika mabingwa katika daftari langu la ratiba.

Nusu fainali ilichezwa Detroit Aprili 4, huku kwetu ikiwa usiku wa manane. Asubuhi nikasoma matokeo: Michigan State 82, Connecticut 73. Nikatafuta ramani. Kutoka chuo cha Michigan State hadi Detroit hakufikii hata umbali wa Dar na Morogoro. Ukumbini walijaa watu zaidi ya 72,000, na wengi wao walikuwa wa nyumbani.

Nikamkumbuka mwalimu wangu wa saa. Namba moja hukupa wanyonge siku za mwanzo, na ndiyo maana wakubwa huvuka hatua zile kwa raha. Lakini mbele ya safari unafika kwenye uwanja wenye wenyewe, na wapangaji wa namba hawakuulizia mlima uko wapi.

Daftari lile ninalo bado. Jina la Connecticut limekaa palepale penye ubingwa, kwa wino wa bluu, na hakuna mvua ya kulifuta.