Gari la familia linapogoma kuwaka Kinondoni

Ukitoka Morocco asubuhi na mapema kwa Barabara ya Kawawa kuelekea Magomeni, Kinondoni inaamka kwa haraka. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza safari mwaka 2016, yanapita katikati yakiwa yamejaa. Bodaboda zinatafuta upenyo. Ukikata kuingia mitaa ya ndani, Mkwajuni na Mwananyamala, unasikia sauti nyingine: geti linafunguliwa, ufunguo unazungushwa, gari linajibu "tik, tik, tik", kisha kimya. Watoto wameshavaa sare na mabegi yapo kiti cha nyuma.

Magari mengi ya familia mitaa hii ni yaliyotumika kutoka Japan, Toyota yakiwa mengi zaidi. Injini zake ni ngumu, lakini umeme wake huanza kusumbua mapema. Joto la Dar es Salaam hufupisha maisha ya betri, na unyevu wenye chumvi ya bahari hula vichwa vya nyaya. Ongeza redio kubwa, alamu na taa zilizofungwa na mafundi tofauti kwa miaka tofauti, na nyaya zinakuwa kama nywele zisizochanwa.

Mtaa una tiba zake. Vijana watasukuma, ingawa gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Jirani ataleta waya wa kubusti. Chini ya mwarobaini hakosekani fundi umeme. Kinachoumiza familia ni kukisia: leo inanunuliwa betri, wiki ijayo stata, pesa ya ada inayeyuka na gari bado linagoma. Tena si suala la kuchelewa shule tu. Mtoto akipata degedege saa nane usiku, gari hilo kuukuu ndilo ambulansi ya nyumba kwenda Hospitali ya Mwananyamala.

Sikiliza kabla ya kununua

Gari lina lugha yake, na mzazi asiye fundi anaweza kuielewa. "Tik tik tik" ya harakaharaka huku taa za dashibodi zikififia mara nyingi ni betri iliyoishiwa chaji au vichwa vyake vichafu. "Tik" moja nzito huku taa zikibaki na nguvu huelekeza kwenye stata au nyaya zake. Kimya kabisa huku taa zinawaka vizuri, angalia fyuzi, rilei au swichi ya ufunguo. Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki, toa gia kwenye P uweke N, ujaribu tena. Likiwaka, swichi ya gia ndiyo ya kukaguliwa.

Stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini gari haliwaki, usikimbilie betri. Hapo fundi atafute kwenye pampu ya mafuta, plagi na koili.

Kisha fungua boneti gari likiwa limezimwa. Ukoko mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kupita. Kichwa kinachocheza ukikishika nacho ni ugonjwa. Kusafisha na kukaza kunaweza kumaliza tatizo bila kununua spea. Fundi aangalie pia waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Ukioza, hata betri mpya itaonekana mbovu.

Mita ndogo ya umeme ina bei ya chini sana kuliko betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima yenye chaji husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12 au pungufu, imeishiwa. Wakati wa kupiga stata, ikishuka chini ya 9.6, haina chaji ya kutosha au imechoka. Gari likishawaka, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, altaneta haichaji au mkanda wake umelegea, na betri mpya nayo itaisha chaji baada ya muda mfupi.

Wakati mwingine mharibifu yupo sebuleni. Watoto waliocheza ndani ya gari Jumapili huacha taa ya ndani ikiwaka, na asubuhi betri iko tupu. Hiyo ni sababu moja ya kuficha ufunguo. Sababu kubwa zaidi ni kwamba gari lililofungwa juani hupanda joto ndani ya dakika chache na linaweza kumuua mtoto.

Betri si kitu cha kuchezea

Betri hutoa gesi inayolipuka, hivyo usiwashe kiberiti wala sigara karibu. Wakati wa kubusti, waya mwekundu uunganishe chanya na chanya. Mweusi uanzie kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ishikizwe kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri yake. Watoto wasimame mbali. Tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali.

Betri iliyokufa nayo isikae uani. Ndani yake kuna madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Risasi huathiri ubongo wa mtoto unaokua. Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Usiipasue wala kumwaga tindikali yake. Irudishe unaponunua mpya, na unawe mikono kabla ya kumshika mtoto.

Umeme wa gari mara nyingi hutoa dalili mapema: stata inazunguka kwa uvivu, taa zinafifia gari likiwa sailensa, asubuhi linawaka kwa mara ya tatu. Dalili hizo zishughulikiwe Jumamosi mchana, fundi akiwepo na duka la spea likiwa wazi. Na kwa kuwa chuma ni chuma, kila nyumba iwe na namba ya bajaji au teksi ya jirani anayeamka usiku. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga mwenye dharura, piga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama. Ziandikwe na kubandikwa mlangoni, mahali ambapo hata dada wa nyumbani ataziona.