Kisangani: Namba za afya zilizobaki ndani ya kompyuta

Kila mwanzo wa mwezi kanevasi za vituo vya afya hufika kwenye ofisi za maeneo ya afya mjini Kisangani, nyingine kwa toleka, nyingine kwa mtumbwi kutoka ng'ambo ya mto. Humo mna hesabu za mwezi mzima: malaria, uzazi, chanjo, dawa zilizobaki. Kijana wa takwimu huziandika moja moja katika DHIS2, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kongo inaitumia kwa takwimu za afya.

Katika ofisi moja, namba alizoandika kijana mchana kutwa hazikuonekana kesho yake. Aliambiwa hakufanya kazi. Vidole vyake vilijua vingine.

Intaneti ilikuwa imekatika bila yeye kuona. Fomu iliendelea kupokea namba, lakini ilizihifadhi ndani ya kivinjari cha kompyuta ile ile, zikingoja mtandao. Kisha umeme ukaondoka. Asubuhi alikalia kompyuta nyingine, na huko hakukuwa na kitu. Aliporudi kwenye ile ya kwanza, aliulizwa kama azitume zilizosubiri. Akabonyeza, zikapanda zote. Kama fundi angeisafisha mashine ile asubuhi, kama wanavyopenda ikiwa nzito, zingepotea kabisa.

Shida ya sifuri ni mbaya zaidi, maana haipigi kelele. Kipengele kisipowekwa kuhifadhi sifuri, kijana huandika 0 na programu huacha nafasi tupu. Anayesoma jimboni hajui kama hakuna mtoto aliyeugua surua au kituo hakikuleta ripoti. Mlipuko wa surua ulioanza 2019 uliua watu zaidi ya 6,000 nchini. Nafasi tupu si jambo dogo. Dawa yake ni alama moja tu katika mipangilio, lakini iko mikononi mwa wasimamizi wa mfumo. Kumkaripia mwandikaji hakuiweki.

Siku hizi kijana haendi nyumbani kabla ya kufungua fomu ile ile kwenye kompyuta ya pili na kuilinganisha na karatasi. Kanevasi hazichomwi pia. Ziko kabatini, zimefungwa kwa mpira, kila kituo na fungu lake, na muuguzi akija kudai dawa pungufu, wanaanza kuhesabu hapo.