“Mto una mamba” si jibu la kutosha kwa mtoto

Jioni moja ya mwezi Oktoba, katika kijiji kimoja cha Tarime kilicho jirani na Mto Mara, mvulana wa miaka 12 alirudi kutoka kunywesha ng'ombe akiwa na ndoo ya samaki. Ndani kulikuwa na kambare wakubwa wanne na ningu kadhaa. Mama yake alifurahi. Mboga ya siku mbili ilikuwa imepatikana bila kutoa shilingi.

Alibandika sufuria, akamimina mafuta, akakaa kuparua samaki. Ndipo akauliza swali la kawaida tu.

“Umewavua na nini?”

Mtoto akanyamaza. Hakuwa na ndoano wala mshipi. Alipobanwa akasema kweli: maji yalikuwa yamebadilika, yamekuwa meusi, na samaki walikuwa wanaelea pembeni wakitoa midomo nje kama wanaotafuta hewa. Aliingia mpaka magotini akawaokota kwa mikono.

Mama aliipua sufuria. Baba, aliyekuwa anafunga zizi, alisikia neno “magotini” akaja mbio.

“Nimekuambia mara ngapi usiingie mtoni? Si nimekuambia mto una mamba?”

Alikuwa ameshika fimbo tayari. Bibi, aliyekuwa ameketi mlangoni muda wote, ndiye aliyemzuia. Hakupaza sauti.

“Umemwambia mto una mamba. Hilo hata mbuzi wanalijua. Baba yako alikufundisha mto wote. Wewe mwanao umemfundisha neno moja.”

Samaki wale walifukiwa shimoni nyuma ya nyumba usiku uleule, mbali na mbwa. Familia ilikula ugali na mboga za majani. Baba hakulala vizuri.

Ukweli ni kwamba alikuwa na sababu ya kunyamaza. Alipokuwa na umri kama wa mwanawe, rafiki yake wa kuchunga naye alichukuliwa na mamba kiangazi kimoja, mahali pa kunyweshea palepale walipozoea kwenda kila siku. Tangu hapo hakutaka kuuzungumzia mto. Alidhani kukataza kunatosha. Lakini ng'ombe lazima wanywe, na anayewapeleka ni mtoto. Kwa hiyo mtoto alikuwa anaenda mtoni kila siku akiwa na amri tu, bila maarifa.

Jumamosi iliyofuata alimwamsha mapema.

“Mura, twende.”

Hawakushuka hadi ukingoni. Walikaa juu ya mwamba, hatua nyingi kutoka kwenye maji, upande wa Tarime. Ng'ambo ni Serengeti. Baba alianza na jambo ambalo yeye mwenyewe aliambiwa na baba yake: mto una majira yake, na kila majira yana hatari yake.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mto hujaa na maji huwa mazito kwa tope. Ndipo ningu hupanda mito kutoka ziwani kwenda kutaga. Mvuvi anawapata, lakini maji yale yana nguvu ya kumbeba mtu mzima. Kuanzia Juni mvua hupungua, na katika kiangazi mto hushuka hadi mawe yanaonekana. Samaki hukimbilia sehemu zenye kina, na hapo uvuvi wa ndoano huwa rahisi kuliko wakati mwingine wowote.

“Sasa niambie,” baba akauliza, “kama samaki wote wamekusanyika pale kwenye kina, mamba atakuwa wapi?”

Mtoto akafikiri. “Palepale.”

“Na kiboko?”

“Palepale.”

Hiyo ndiyo hatari ya kiangazi ambayo wazazi wengi huisahau. Maji yakiwa machache na tulivu, mtoto huona mto umepoa. Kumbe mamba, viboko, samaki, ng'ombe na watu wote wamebanwa kwenye madimbwi yaleyale. Mamba hulala chini ya maji bila kuonekana, na huzoea mwendo wa watu. Anayechota maji mahali pamoja, saa ileile, kila siku, anajiweka kwenye ratiba ya mamba. Bora kubadilisha mahali, kuepuka alfajiri na jioni, na kuchota kwa ndoo iliyofungwa kamba badala ya kuinama. Ukiona alama za tumbo zimeburuzwa kwenye tope, ondoka. Kiboko naye hutoka usiku kula majani, kwa hiyo usisimame kati yake na maji.

Kisha baba akamwonyesha jiwe moja jeusi katikati ya mto.

“Lile ndilo saa yako. Ukifika, litazame kwanza. Likianza kuzama, rudi nyumbani, hata kama jua linawaka.”

Mtoto alishangaa. Mto utajaaje bila mvua? Baba akamweleza kwamba maji ya Mara hayaanzii Tarime. Yanatoka kwenye misitu ya Mau nchini Kenya, yanapita Maasai Mara, yanaingia Serengeti, ndipo yanafika hapa, kisha yanapita kwenye ardhi oevu hadi Ziwa Victoria. Mvua inaweza kunyesha huko juu, na maji yakafika huku wakati anga ni jeupe. Dalili yake ni maji kubadilika rangi, vijiti na majani kuelea, na lile jiwe kupotea polepole.

Hapo ndipo walipofika kwenye samaki wa ile ndoo.

Watafiti waliochunguza mto huu upande wa Maasai Mara walikuta viboko zaidi ya 4,000 wakiishi humo. Mchana hukaa kwenye madimbwi, na kinyesi chao hurundikana chini wakati maji ni machache. Pia kila mwaka nyumbu wanaovuka huzama kwa wingi; hesabu ya watafiti ni wastani wa nyumbu 6,250 kwa mwaka. Vyote hivyo huoza. Mvua ya kwanza kubwa ikija baada ya ukame, husomba uchafu ule kwa mara moja, hewa ndani ya maji ikapungua, na samaki wakaanza kuhema juu ya maji na kufa.

Watu wa Mara hawahitaji kuambiwa mara mbili. Machi 2022 maji ya mto yalibadilika kuwa meusi na samaki wengi wakafa, hasa sehemu za chini kuelekea Kirumi. Wananchi walizuiwa kwa muda kutumia maji na samaki wake. Kamati ya serikali ilisema chanzo ni taka za mifugo na mimea iliyooza, na maelezo hayo yalizua mjadala mkubwa.

Lakini kwa mzazi mwenye sufuria jikoni, sheria ni moja. Kwa macho huwezi kujua samaki anayeelea amekosa hewa au amekula sumu. Samaki ambaye hakuvuliwa akiwa na nguvu zake asiingie ndani ya nyumba. Na mtoto akikuta samaki wanaelea, asiwaguse. Akimbie kumwambia mtu mzima, ili taarifa ifike kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa uvuvi.

“Kwa nini hukuniambia haya zamani?” mtoto aliuliza.

Baba alitazama maji kwa muda. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamsimulia habari za rafiki yake wa kuchunga. Akamtajia jina lake. Akamwonyesha mahali penyewe. Mtoto hakuuliza tena.

Siku hizi ng'ombe wanapelekwa na watu wawili, na hawapitii njia moja kila siku. Jumamosi baba na mwanawe huenda kwenye ule mwamba na mshipi mrefu na kopo la minyoo. Siku nyingine wanapata kambare mmoja, siku nyingine hakuna.

Mwezi Novemba walikwenda, na kabla baba hajafungua mshipi mtoto akamshika mkono.

“Baba, lile jiwe silioni.”

Jua lilikuwa linawaka na anga halina wingu. Baba alitazama, akakunja mshipi. Walirudi mikono mitupu.

“Vipi, hamna kitu leo?” mama aliuliza.

“Leo mto umekataa,” mtoto akajibu, akaenda kufungua ndama.