Dola Milioni, Kilo ya Dengu na Bei ya Nauli

Columbus, Ohio

Jioni ya tarehe 12 Mei 2021, gavana wa Ohio, Mike DeWine, aliwatangazia watu wake bahati nasibu ya chanjo ya korona. Kwa wiki tano, kila wiki mtu mzima mmoja aliyechanjwa angejishindia dola milioni 1. Vijana wa miaka 12 hadi 17 walitengewa zawadi yao: ufadhili kamili wa chuo kikuu kwa miaka minne, ada, malazi na vitabu. Fedha zilitoka kwenye fungu la serikali kuu la kupambana na ugonjwa. Zaidi ya watu milioni 3 walijiandikisha.

Nilifika Columbus mambo hayo yamekwisha pita. Mji huu una Wasomali wengi, na dereva aliyenichukua alikulia Eastleigh, Nairobi. Aliposikia natoka Tanzania alizima redio, tukazungumza Kiswahili mpaka mwisho wa safari. Alikuwa amechanjwa mapema, kwa sababu anaishi na mama yake mzee. Bahati nasibu ilipotangazwa aliandika jina lake, kama walivyofanya wenzake kazini. Nikamwuliza kama anamjua mtu yeyote aliyekwenda kuchanjwa kwa ajili ya ile milioni. Alifikiri mpaka tukapita taa mbili za barabarani.

“Hapana, ndugu yangu. Waliotaka walikuwa wameshachanjwa. Waliokataa walibaki pale pale. Lakini shangazi yangu Nairobi, wiki hizo hizo, alikuwa anazunguka kutafuta dozi ya pili.”

Alikuwa anasema kweli. Kenya ilipokea shehena yake ya kwanza, dozi zinazozidi kidogo milioni 1 za AstraZeneca, tarehe 3 Machi 2021. Kisha India, mtengenezaji wake, ikalemewa na wimbi la ugonjwa na kuzuia usafirishaji. Wakenya waliokwisha kupata sindano ya kwanza wakaambiwa wasubiri ya pili wiki 12 badala ya 8. Foleni ilikuwepo, chanjo haikuwepo. Nimeliweka hili mwanzoni mwa daftari kwa sababu kila ninapolinganisha zawadi za nchi moja na nyingine, linarudi kudai nafasi yake.

Je, ile milioni ilisaidia? Watafiti wa Boston waliolinganisha Ohio na majimbo mengine hawakuona tofauti. Siku zile zile gavana alipotangaza zawadi, chanjo ya Pfizer iliruhusiwa kwa watoto wa miaka 12 hadi 15 nchi nzima, hivyo idadi ingepanda hata bila droo. Wengine waliopiga hesabu kwa njia tofauti walipata ongezeko. Mimi naegemea upande wa dereva wangu. Bahati nasibu humwahidi mtu mwenye shaka kitu ambacho karibu hakika hatakipata, na hilo haliwezi kumtoa nyumbani. Nchini Sweden watafiti walitoa kronor 200 tu, kama dola 24, lakini kwa kila aliyechanjwa, bila droo. Waliochanjwa wakaongezeka kwa pointi 4.2 za asilimia, katika nchi ambayo tayari zaidi ya saba katika kila kumi walikuwa wanakwenda wenyewe.

Bran, Romania

Hapa sikukaa sana. Kasri la Bran liko juu ya mwamba milimani, na wageni hulijia kwa sababu ya hadithi ya Dracula. Mei 2021, mwishoni mwa wiki, madaktari walikuwa wanachanja hapo hapo bila miadi. Aliyechanjwa alipewa cheti cha ujasiri, na akaingia bure kuona maonyesho ya vyombo 52 vya kutesea watu vya zama za kati. Ilikuwa furaha, picha zikazunguka dunia. Vuli ya mwaka ule ule Romania ilikuwa miongoni mwa nchi zenye vifo vingi zaidi duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu, na katika Umoja wa Ulaya ni Bulgaria pekee iliyokuwa nyuma yake kwa uchanjaji. Sililaumu kasri wala madaktari wake. Ila aliyepanda mlima ule alikuwa amekwisha kuamua tangu akiwa bondeni.

Udaipur, Rajasthan

Zawadi iliyonifundisha zaidi ilitolewa kabla ya korona, kwa chanjo za watoto. Vijijini kuzunguka Udaipur, shirika la Seva Mandir lilifanya kazi pamoja na wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao baadaye, mwaka 2019, walipata Tuzo ya Nobeli. Zahanati ndogo za serikali zilikuwa na tabia ya kufungwa siku za kazi. Mama anatembea na mtoto mgongoni, anakuta kufuli. Basi kundi moja la vijiji likapelekewa kambi ya chanjo kila mwezi, siku inayojulikana, bila kukosa. Kundi jingine likapata kambi ile ile, na juu yake kilo moja ya dengu kwa kila chanjo, na seti ya sahani za chuma mtoto anapokamilisha zote. Kundi la tatu likaachwa na utaratibu wa kawaida.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Katika vijiji vya kawaida, waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 6 ya watoto. Penye kambi ya uhakika, 18. Penye kambi na dengu, 39. Na gharama ya kumkamilishia mtoto mmoja chanjo ikashuka kutoka takriban dola 56 hadi 28, kwa sababu muuguzi analipwa siku nzima, awe amechanja watoto watano au hamsini.

Dengu haikubadilisha imani ya mtu. Nilizungumza kwa msaada wa mkalimani na bibi mmoja anayelea wajukuu, akanieleza kwamba mama hakatai chanjo, anaiahirisha. Leo kuna mavuno, kesho mtoto ana mafua, keshokutwa kuna harusi. Kilo ya dengu inamfanya aende leo. Niliyapenda maelezo yale kuliko kitabu chochote nilichosoma juu ya jambo hili. Lakini tazameni tena zile tarakimu: kwanza kambi iwepo. Dengu kwenye mlango uliofungwa isingemsaidia mtu.

Nyumbani

Sisi tuna methali inayotia doa zawadi zote hizi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeisikia ikitumika hasa juu ya chanjo, daladalani na msibani. Kama ni nzuri, kwa nini watulipe? Kama ni nzuri, kwa nini wanatufuata majumbani? Hofu hii si ya wajinga. Kule Sweden watafiti waliipima baadaye, wakitafuta kama malipo yalipunguza imani ya watu kwa chanjo, na hawakuona madhara hayo. Lakini Sweden haikupitia yaliyotupata sisi, tulioambiwa na serikali yetu tusizikimbilie chanjo, kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuchanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021.

Mwisho wa mwezi huo huo alifariki Mchungaji Ambilikile Masapila, Babu wa Loliondo. Mwaka 2011 watu walimfuata Samunge kwa malaki, kutoka kila mkoa na kutoka nje ya nchi, wakilala kwenye foleni ya magari ya kilometa nyingi ili wanywe kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wengine walifia njiani. Hakuna aliyewalipa, wao ndio waliouza mbuzi ili wapate nauli. Jambo hili naliandika kwa uchungu, kwa sababu wapo walioacha dawa zao za hospitali. Ila linanikataza kusema kwamba watu wetu hawako tayari kusafiri kwa ajili ya afya. Wanasafiri wakiamini. Imani inapokuwa nusu nusu, ndipo kila kilometa inahesabiwa.

Sierra Leone

Hapa nilikuja kwa sababu ya utafiti mmoja, na nilitaka kuijua njia yenyewe. Lami ikaisha, nikapanda okada, ndiyo bodaboda yao. Okada nayo ikakwamia ukingoni mwa mto, tukavuka kwa mtumbwi. Machi 2022, mwanakijiji wa kawaida wa maeneo yaliyochunguzwa alihitaji kama saa 7 kwenda kituo cha chanjo na kurudi, na nauli ya dola 6, zaidi ya kipato chake cha wiki. Anayemwita mtu huyo mpinga chanjo hajaiona njia hii.

Watafiti, akiwamo Mushfiq Mobarak wa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na wizara ya afya, hawakutoa dengu wala droo. Walipeleka chanjo kijijini. Kabla ya sindano yalitangulia mazungumzo na wazee na viongozi, kisha mkutano wa kijiji, maswali yakajibiwa. Ndani ya saa 48 hadi 72, kiwango cha waliochanjwa kikapanda kwa takriban pointi 26 za asilimia. Chanjo ilijitembeza, na watu hawakuiona mbaya, kwa sababu ilipiga hodi kwa wazee kwanza.

Muuguzi mmoja aliniambia kinachomkwaza si wagonjwa, ni mafuta ya pikipiki. Chanjo ipo kwenye jokofu la wilaya, yeye yupo, kijiji kipo ng'ambo, na fungu la mafuta limekwisha tangu katikati ya mwezi. Ningekuwa na mamlaka ya kugawa zawadi za janga lijalo, ningeanza na huyu.

Kumfikia na kumchanja mtu mmoja katika mpango ule kuligharimu kama dola 33. Dola milioni 5 za Ohio zingewafikia watu zaidi ya 150,000 wa ng'ambo ya mito kama ule. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi na bado haikamiliki, kwa sababu pesa peke yake isingetosha. Ilihitajika pia chanjo yenyewe. Na chanjo ilikuwa Ohio. Mwanzoni mwa Juni 2021 idara ya afya ya jimbo ilionya kwamba karibu dozi 200,000 za Johnson & Johnson zingeisha muda tarehe 23, siku ile ile ya kutangazwa mshindi wa mwisho wa dola milioni, na kwamba haikuwa na njia ya kisheria ya kuzipeleka nje ya jimbo. Siku chache baadaye mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza muda wa chanjo hiyo kwa wiki 6. Tanzania ilipokea dozi zake za kwanza, zaidi kidogo ya milioni 1, za aina hiyo hiyo, mwezi uliofuata.