Mchoraji wa mitaa iliyobomolewa

Mgeni afikaye Sophiatown, magharibi ya jiji la Johannesburg, akiitafuta ile mitaa iliyosifika kwa muziki na msongamano wa watu, hukuta nyumba nadhifu zilizojengwa baadaye kwa ajili ya Wazungu. Kanisa la Kristo Mfalme lingalipo. Katika bustani yake yamezikwa majivu ya Askofu Trevor Huddleston, ambaye Watanzania wa kusini wanamkumbuka kwa miaka yake ya Masasi, 1960 hadi 1968. Lakini sehemu kubwa ya mji wa kale ilibomolewa. Mwezi Februari 1955 makaburu walianza kuwahamisha wakazi kwa nguvu kwenda Meadowlands, kisha wakakibandika kitongoji hicho jina la Triomf, yaani Ushindi! Jina la asili lilirudishwa mwaka 2006.

Ndugu msomaji, atakaye kuiona Sophiatown yenyewe na azitazame picha za Gerard Sekoto.

Sekoto alizaliwa mwaka 1913 katika misheni ya Botshabelo. Alikuwa mwalimu wa shule, na mwishoni mwa miaka ya 1930 akaiacha chaki, akaja Sophiatown kukaa kwa jamaa zake na kuchora. Hakuwa amesomea uchoraji chuoni. Alichora yaliyopita mlangoni pake, na katika picha yake ya nyumba za manjano kuna mtaa wa kawaida tu, lakini umeoga jua hata mtazamaji hutamani kuutembelea. Mwaka 1940 Jumba la Sanaa la Johannesburg liliinunua. Ilikuwa picha ya kwanza ya mchoraji mweusi kununuliwa na makumbusho nchini humo.

Mwaka 1942 alihamia District Six, Cape Town, na mwaka 1945 Eastwood, Pretoria. Huko Eastwood alichora "Wimbo wa Sururu". Vibarua wamejipanga safu moja, sururu juu, miili yao mikubwa kama mwili mmoja. Mbele yao msimamizi Mzungu, mdogo, mwembamba. Mtazamaji hujiuliza sururu hizo zitatua wapi.

Mwaka 1947 alisafiri kwenda Paris. Mwaka uliofuata chama cha makaburu kikashika serikali, na Sekoto hakurudi tena. Usiku alipiga piano katika vilabu apate kodi ya chumba. Mchana alichora nchi yake kwa kumbukumbu. Kwa maoni yangu, nyingi za picha hizo hazina joto la zile za mwanzo, wala si ajabu, maana vumbi la mtaa halisafirishwi kwa barua. Nyuma yake, Sophiatown, District Six na Eastwood, zote tatu, wakazi wake weusi waliondolewa.

Nyumbani alisahauliwa kwa miaka mingi. Maonyesho makubwa ya kazi zake yalifanyika Johannesburg mwaka 1989, mwenyewe akiwa Ufaransa. Alifariki tarehe 20 Machi 1993 huko Nogent-sur-Marne, katika makao ya wasanii wazee, miezi 13 kabla ya Waafrika Kusini wote kupiga kura.