Uzito wa Mwaka wa Mwisho

Kila mwaka wa masomo unapoanza, kwenye vimbweta vya vyuo vyetu huulizwa swali lile lile na wanafunzi wa mwaka wa mwisho: nipate A ngapi ili nifike 4.4? Nimelisikia kwa miaka mingi. Ninachokikumbuka zaidi ni jinsi jibu lake lilivyobadilika, huku swali lenyewe likibaki palepale. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London na shahada zake zilikuwa za London. Huko ndiko tulikorithi madaraja ya shahada, na pia desturi ya kuutegemea mtihani wa mwisho kuliko kazi yote iliyoutangulia. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikajitegemea. Madaraja yakabaki, lakini imani katika mtihani mmoja ikaanza kumegeka. Azimio la Musoma la 1974 lilisema wazi kwamba karatasi ya mtihani haitoshi kumpima kijana. Baadaye ikaja mihula, ikaja kazi za muhula zenye alama 40 na mtihani wenye alama 60, na mwishowe ikaja GPA, yaani wastani wa pointi za gredi, unaokusanya kila kozi tangu wiki ya kwanza ya chuo. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki. Mwanafunzi aliyeugua malaria wiki ya mtihani hakustahili kupoteza kazi ya miaka mitatu.

Lakini mzigo uliotolewa mwaka wa mwisho ulihamia mwaka wa kwanza, na hilo halisemwi vya kutosha. Tuchukue shahada ya miaka mitatu yenye krediti 360, yaani 120 kila mwaka, A ikiwa pointi 5, B+ 4, B 3 na C 2. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, hivyo mwanafunzi anahitaji jumla ya pointi 1,584. Aliyemaliza mwaka wa pili akiwa na 4.3 ana pointi 1,032. Zimebaki 552, sawa na wastani wa 4.6, kwa hiyo anaweza kupata B+ katika krediti 48 na A katika zilizobaki. Mwenye 4.2 anahitaji 4.8, na nafasi yake ya B+ inashuka hadi krediti 24. Mwenye 4.1 anahitaji 5.0 kamili, A katika kila kozi bila kukosa hata moja. Mwenye 4.0 anahitaji 5.2, alama ambayo haipo. Huyu ana wastani wa B+ kwa miaka miwili mfululizo, ni mwanafunzi mzuri kwa kipimo chochote, na mlango umeshafungwa kabla hajaingia darasani mwaka wa tatu.

Kinachoufunga mlango huo ni dari ya pointi. Katika vyuo ambako A huanzia 70, mwenye 71 na mwenye 92 wote wanapewa pointi 5. Alama ya juu sana hailipi deni la alama ya chini. Vyuo vingi vya Uingereza, ambako madaraja haya yalitoka, havihesabu mwaka wa kwanza katika daraja la shahada, na hutumia wastani wa alama zenyewe. Pale ambapo mwaka wa pili unabeba theluthi moja na wa tatu theluthi mbili, aliyepata wastani wa 64 anahitaji 73 mwaka wa mwisho ili afike 70. Ni kazi ngumu, ila inawezekana. Kwetu kosa la mapema halisahauliki. Kozi ya krediti 12 iliyookolewa kwa sapu hupewa C hata mwanafunzi akiufanya mtihani wa marudio vizuri namna gani. Ukilinganisha na A, amepoteza pointi 36, na pointi 36 kati ya krediti 360 ni 0.1 ya GPA. Hiyo 0.1 ndiyo umbali wote ulioko kati ya 4.3 na 4.4.

Wapo watakaosema kwamba mwaka wa kwanza usipohesabiwa sawa na mingine, wanafunzi watalala. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba kufeli kuna adhabu yake tayari. Sapu ipo, kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kupo, na kozi za mwaka wa kwanza ndizo msingi wa zile za juu. Wengine watasema mwajiri ana haki ya kuujua mwenendo wote wa miaka mitatu. Anayo, na nakala ya matokeo inamwonyesha kila kozi na kila gredi. Wapo pia wanaoona tunalikuza mno daraja la kwanza, kwa kuwa hata nafasi ya mkufunzi msaidizi chuoni huombwa kwa kuanzia 3.8. Ni kweli, na aliye na 4.0 asijione ameshindwa. Ila chuo kikishatangaza daraja la juu kabisa, kinawajibika kuhakikisha linampima mhitimu, si yule kijana aliyefika juzi kutoka kidato cha sita akiwa bado anajifunza namna ya kusoma bila kusimamiwa.

Sitaki mtihani mmoja wa mwisho urudi. Ninachotaka ni miaka ipewe uzito unaopanda: wa kwanza moja, wa pili mbili, wa tatu tatu. Aliyeanza na 3.7, akafika 4.2, akamaliza na 4.8, angehitimu na 4.4. Aliyeanza na 4.8 akateremka hadi 4.2, kisha 3.7, angepata 4.05. Kwa hesabu ya sasa, wote wawili wanavaa joho wakiwa na 4.2 ile ile.